Matofali, Chuma na Watoto: Kiwanda cha Kale cha Kitani cha Shrewsbury



Juma hili tunapenda kuwaalika tutazame pamoja jengo moja la matofali lililoko Shrewsbury, mji wa magharibi mwa Uingereza usio mbali na mpaka wa Wales. Kwa mpita njia jengo hilo halina la kumstaajabisha: orofa tano, kuta ndefu za matofali mekundu, madirisha yaliyopangwa safu kwa safu, basi. Tumekwisha kuyazoea majengo ya namna hiyo katika picha za miji ya viwanda vya Ulaya, na huenda tungelipita bila hata kugeuza shingo. Hata hivyo wahandisi hulitaja kwa heshima kubwa, kwa kuwa ndilo jengo la kwanza duniani ambalo mifupa yake yote ya ndani, nguzo pamoja na boriti, ilifanywa kwa chuma. Lilijengwa katika miaka ya 1796 na 1797, nao wengi hulitaja kuwa babu wa maghorofa marefu yote tuyaonayo leo, iwe ni Chicago au Nairobi.

Mababu, kama tujuavyo, huwa na habari zao za fahari na habari zao zinazosemwa kwa sauti ya chini. Tutazisema zote mbili.

Kwanza tukumbuke kiwanda kile kilikuwa cha nini. Kilikuwa cha kusokota nyuzi za kitani. Kitani ni mmea mwembamba wa maua ya buluu, ambao mabua yake hulowekwa, hukaushwa, hupondwa na kuchanwa hata zipatikane nyuzi ndefu zing'aazo. Wale miongoni mwetu wanaofua na kupiga pasi vitambaa vya altare wanakijua kitani kwa mikono yao: ni kizito, ni baridi, na hakikubali kunyooka mpaka kiwe na unyevu. Lakini kabla ya kuwa kitambaa, kitani hutoa vumbi jingi mno. Katika vyumba vya kuchania vumbi hilo liliruka kama moshi, likaingia katika vifua vya wafanyakazi, likatua juu ya kila kitu. Nalo ni vumbi liwakalo upesi.

Sasa tufikirie kiwanda cha siku zile. Kuta zilikuwa za matofali au mawe, lakini ndani mlikuwa na mbao tupu: nguzo za mbao, boriti za mbao, sakafu za mbao zilizokwisha kulowa mafuta ya mashine miaka nenda miaka rudi. Mwanga ulikuwa wa mishumaa na taa za mafuta. Cheche moja ilitosha. Mwaka 1791 kinu kikubwa cha unga cha Albion huko London, ambacho kilikuwa fahari ya mji kwa mashine zake za mvuke, kiliteketea kikabaki kuta tupu. Nako Leeds, mwezi Februari 1796, kiliungua kiwanda cha kitani cha John Marshall na washirika wake, ndugu wawili Thomas na Benjamin Benyon, wafanyabiashara waliotoka Shrewsbury.

Mtu aliyeunguliwa hutafuta dawa ya moto. Marshall na ndugu wa Benyon walikata shauri kujenga kiwanda kipya nje kidogo ya Shrewsbury, mahali paitwapo Ditherington, kando ya mfereji mpya wa maji uliokuwa ukichimbwa ili kuleta makaa ya mawe kwa mashua. Kazi ya kukisanifu wakamkabidhi Charles Bage, ambaye naye akawa mshirika wao.

Bage huyu anatupendeza. Hakuwa msanifu majengo kwa mafunzo. Alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo na mpimaji wa ardhi, mwana wa Robert Bage, mtengenezaji karatasi aliyeandika pia riwaya. Alikuwa mtu wa hesabu. Palikuwako Derby mwenye viwanda vya pamba aitwaye William Strutt, ambaye tangu mwaka 1792 alikwisha kujaribu kujenga kiwanda kisichoungua: aliweka nguzo za chuma na sakafu za matao ya matofali, lakini boriti zake zilikuwa bado za mbao, akizikinga kwa kuzifunika lipu na mabati. Bage na Strutt waliandikiana barua, nazo zimehifadhiwa hata leo. Ndani yake twamwona Bage akipiga hesabu za nguvu za chuma katika enzi ambayo mafundi wengi walikadiria kwa jicho na kwa desturi. Yeye ndiye aliyethubutu kupiga hatua iliyobaki, akaondoa mbao na kuweka boriti za chuma.

Bahati nayo ilimsaidia, kwani alikuwa mahali pafaapo. Mkoa wa Shropshire ndio uliokuwa kitovu cha ufundi wa chuma duniani siku zile. Daraja la kwanza la chuma lilikuwa limejengwa huko juu ya mto Severn, likafunguliwa mwaka 1781. Mhandisi Thomas Telford, aliyekuwa mpimaji wa majengo ya mkoa, alikuwa katika miaka ileile ya 1796 na 1797 akijenga mfereji wa chuma upitao juu ya mto huko Longdon-on-Tern. Na mjini Shrewsbury kwenyewe alikuwapo William Hazledine, msubu vyuma hodari, ambaye baadaye alisubu chuma cha daraja refu la mfereji la Pontcysyllte. Hazledine ndiye aliyesubu nguzo na boriti za Bage.

Hapa tunaomba subira ya msomaji, kwa maana ufundi wenyewe unastahili kuelezwa taratibu, na si mgumu kama udhaniwavyo. Karibu kila mmoja wetu amewahi kubeba matofali ya kuchoma kwa ujenzi wa darasa, zahanati au kanisa. Twajua kwamba tofali huvumilia kubebeshwa mzigo juu yake. Waweza kulipandishia ukuta mzima lisilalamike. Lakini ukilitundika tofali katikati ya nafasi wazi, ukaliegemeza ncha mbili tu, kisha ukalikanyaga, litakatika. Tofali lina nguvu ya kukandamizwa, halina nguvu ya kuvutwa. Ndiyo sababu wajenzi wa tangu zamani za Warumi walipotaka kufunika nafasi wazi kwa matofali walitumia tao: katika tao kila tofali humkandamiza jirani yake, na hakuna linalovutwa.

Bage alizifunika sakafu zake zote kwa matao mapana ya matofali yasiyo na mwinuko mkubwa, kila moja likivuka nafasi ya mita kama tatu, toka boriti hii ya chuma hata ile. Juu ya matao akajaza kifusi na kusawazisha, ikawa sakafu. Lakini tao lina tabia moja isiyosahaulika: husukuma pembeni. Tao moja humsukuma mwenzake, naye humsukuma mwingine, hata mwisho wa jengo, ambako hakuna wa kupokea msukumo isipokuwa ukuta. Basi Bage akafunga boriti zake kwa fito za chuma cha kufua, kwa maana chuma cha kufua, tofauti na cha kusubu, huvumilia kuvutwa. Matofali yakasukuma, fito zikavuta, jengo likatulia. Nguzo zake, safu tatu ndani ya kila orofa, hazikuwa za mviringo. Ukizikata utaona umbo la msalaba, nazo ni nene katikati na nyembamba kwenye ncha, kwa kuwa Bage alikwisha kuelewa kwamba nguzo ndefu iliyolemewa huanza kupinda katikati. Kwa macho yetu nguzo hizo ni nzuri, ingawa hakuna aliyekusudia kuzipamba.

Tusizidishe sifa lakini. Kuta za nje za Ditherington ni matofali mazito yabebayo mzigo kama kuta za kale zote. Mifupa ya chuma iko ndani tu. Ilipita zaidi ya nusu karne ndipo yakajengwa majengo ambayo chuma hubeba yote na ukuta hubaki kama nguo, na jengo la Home Insurance la Chicago, lililotajwa sana katika vitabu, lilikamilika mwaka 1885. Isitoshe, chuma cha kusubu nacho kina udhaifu wake. Hakiungui, naam, lakini kikisubiwa vibaya huvunjika ghafla bila kuonya. Mnamo tarehe 10 Januari 1860, huko Lawrence katika jimbo la Massachusetts, Marekani, kiwanda cha matofali cha Pemberton kiliporomoka kikiwa kimejaa wafanyakazi, kwa sababu ya nguzo zilizosubiwa kwa kasoro. Waliokufa hukadiriwa kuwa kati ya 88 na 145. Nasi wa pwani ya Afrika Mashariki tunalo jengo letu la nguzo za chuma cha kusubu, Beit al-Ajaib la Zanzibar, lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash, ambalo sehemu yake ilianguka siku ya Noeli ya mwaka 2020. Chuma nacho hutaka matunzo.

Neno moja juu ya matofali yenyewe. Ukiyatazama kwa karibu matofali ya Ditherington utagundua kwamba ni makubwa kuliko ya kawaida. Si urembo. Mwaka 1784 serikali ya Mfalme George wa Tatu, iliyokuwa imeelemewa na madeni baada ya vita vya Marekani, ilitoza kodi matofali, shilingi mbili na nusu kwa kila elfu moja, nayo ikapandishwa baadaye. Kodi ilihesabu idadi wala haikujali ukubwa. Wajenzi wakafanya lile ambalo walipa kodi wa kila nchi wangelifanya: wakafyatua matofali makubwa, ili yawe machache. Serikali ilichelewa kuziba mwanya huo hata mwaka 1803, na kodi yenyewe ikafutwa mwaka 1850. Hivyo ukuta wa kiwanda umehifadhi kumbukumbu ya kodi iliyokwisha kusahauliwa na karibu watu wote.

Sasa tuingie ndani, katika saa za kazi.

Nguzo zile, boriti zile na matao yale yalijengwa kwa ajili ya kulinda mashine, malighafi na mtaji dhidi ya moto. Bila shaka yaliwalinda na wafanyakazi pia, nasi hatupendi kumnyima Bage haki yake. Lakini waliokuwa wakifanya kazi chini ya matao hayo ni akina nani? Wengi walikuwa wanawake na watoto. Vidole vidogo vilifaa kuunganisha nyuzi zilizokatika, na mishahara ya wenye vidole vidogo ilikuwa midogo vilevile. Wengine walikuwa wanagenzi walioletwa kutoka parokia za mbali, kwa maana katika Uingereza ya siku zile parokia ndiyo iliyopewa na sheria wajibu wa kuwatunza maskini na yatima, na baadhi ya parokia ziliona nafuu kumfunga mtoto kwa mkataba na mwenye kiwanda kuliko kumlisha. Neno hilo, parokia, halituruhusu sisi kusoma habari hizi kama watazamaji tu.

Mwaka 1832 Bunge la Uingereza liliunda kamati chini ya Michael Sadler, mbunge aliyetaka saa za kazi za watoto zipunguzwe. Kati ya mashahidi walioitwa walikuwamo watu wawili wazima waliokuwa watoto katika kiwanda cha Marshall cha Shrewsbury. Samuel Downe alisema alianza kazi hapo akiwa na umri wa miaka kama kumi, na kwamba kazi ilipokuwa nyingi walianza saa kumi na moja alfajiri wakamaliza saa mbili usiku. Jonathan Downe alianza akiwa na miaka saba. Yeye ndiye aliyesimulia habari ya tangi. Katika pembe ya chumba, alisema, palikuwa na tangi la chuma lililojaa maji. Nyapara alizunguka na fimbo mkononi, na akimwona mtoto anasinzia, alimgusa bega na kumwita. Kisha alimkamata mtoto huyo miguu, akamchovya kichwa ndani ya maji ya tangi, akamrudisha kwenye mashine yake akafanye kazi mpaka mwisho wa siku, akiwa vivyo hivyo, maji yakimchuruzika.

Wapendwa, tumeisoma habari hiyo mara kadhaa, na kila mara kinachotushtua zaidi ni utaratibu wake. Haikuwa hasira ya ghafla. Tangi lilikuwa na mahali pake chumbani, kama nguzo zilivyokuwa na mahali pake.

Haki inatudai tuseme pia kwamba wenye viwanda walilalamika. Walisema kamati ya Sadler ilisikiliza upande mmoja, na kwamba mashahidi hawakuapishwa. Na kweli hawakuapishwa. Marshall mwenyewe alikuwa mtu wa kuheshimiwa, aliyekuwa mbunge wa Yorkshire kuanzia mwaka 1826 hadi 1830. Serikali ikaunda tume nyingine mwaka 1833 ichunguze upya, na tume hiyo, ingawa haikupendezwa na namna ya Sadler, haikuweza kukana kwamba watoto walifanya kazi saa zilezile za watu wazima. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria: katika viwanda vya nguo, vikiwamo vya kitani, asiajiriwe mtoto wa chini ya miaka 9, na wale walio chini ya miaka 13 wasizidishe saa 9 kwa siku. Wakawekwa wakaguzi wanne kwa nchi nzima, idadi ambayo leo ingetuchekesha, lakini kabla yao hapakuwa na hata mmoja aliyelipwa na serikali kwa kazi hiyo.

Sadler hakuwamo Bungeni sheria ilipopita. Katika uchaguzi wa Desemba 1832 aligombea kiti cha Leeds akashindwa, na mmoja wa wawili waliomshinda alikuwa John Marshall mdogo, mwana wa mwenye kiwanda.

Baada ya hapo historia ya jengo yaenda kwa mwendo wa kawaida wa mambo ya biashara, nasi tutaipita upesi. Kitani kilishindwa na pamba, na kampuni ya Marshall ikafunga milango mwaka 1886. Jengo likakaa tupu miaka zaidi ya kumi. Kisha, mnamo 1897, akaja mnunuzi aliyeligeuza kuwa kiwanda cha kimea. Wenzetu waliokulia vijijini hawahitaji kuelezwa kimea ni nini. Huko kilikuwa cha shayiri, kilicholowekwa, kikatandazwa sakafuni kichipue, kikageuzwa kwa majembe ya mbao, kisha kikakaushwa tanurini na kupelekwa kwa watengeneza bia. Nafaka inayochipua haipendi jua wala joto la kubadilika, kwa hiyo madirisha mengi yaliyotobolewa na Bage ili wasokotaji waone nyuzi zao yakazibwa kwa matofali, au yakaachwa tundu dogo tu. Jengo likawa kipofu. Kwa kuwa mwaka huo Malkia Victoria alitimiza miaka 60 katika kiti cha enzi, mnara wa kupandishia nafaka ukavikwa taji la chuma, ambalo tungethubutu kusema halilingani kabisa na nguzo za ndani zisizo na majivuno.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili askari walilala humo. Kimea kikarudi, kikadumu hadi 1987, ndipo milango ikafungwa tena. Kwa miaka mingi mvua ilipenya paa na njiwa wakatawala orofa za juu. Kilichoiokoa nyumba hiyo ni wanahistoria wa ujenzi waliokwisha kuandika, tangu mwaka 1950, kwamba chini ya matofali yale kuna mifupa ya chuma iliyotangulia mingine yote. Kabla yao watu wachache sana walijua. Mwaka 2005 shirika la serikali la kutunza urithi wa majengo lililinunua. Ukarabati ulikuwa mrefu na wa gharama nyingi, maana hesabu za Bage, ingawa zilikuwa za kishujaa kwa siku zake, hazikuacha akiba kubwa ya nguvu kama inavyodaiwa leo. Mwezi Septemba 2022 likafunguliwa kwa watu, likiwa na maonyesho orofa ya chini na ofisi juu, na mengi ya madirisha yaliyozibwa yamefunguliwa tena.

Aingiaye leo huziona nguzo za Hazledine zimesimama safu tatu, na mwanga wa madirisha ukizipiga ubavuni, na juu yake matao ya matofali makubwa yaliyokwepa kodi. Hatua chache kutoka hapo, katika uwanja uleule, kuna nyumba nyingine ya matofali iliyojengwa mnamo 1812. Haina nguzo za kustaajabiwa na haitajwi sana na wahandisi. Ndiyo nyumba walimolala watoto wanagenzi.